Hanang haikulipuka, lakini tulipumua mapema mno

Tangu volkano ya Hayli Gubbi ilipuke kule Afar, Ethiopia, Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2025, magrupu ya WhatsApp hayajatulia. Kila siku naletewa klipu ile ile ya wingu la majivu, na chini yake swali lile lile, je huku kwetu? Kilimanjaro je, Meru je, Hanang je? Nawaelewa wanaouliza. Mlima ambao hakuna mtu mwenye kumbukumbu ya kuuona ukilipuka unaamka asubuhi moja, wingu linapanda karibu kilomita 14, majivu yanavuka Bahari ya Shamu yanapita Yemen na Oman mpaka India, safari za ndege zinafutwa, sasa ukisikia hivyo na nyumba yako iko chini ya mlima wa volkano lazima roho ishtuke. Ila kuna kitu kinaniuma kwenye mjadala huu. Mlipuko ule hatujasikia umeua mtu. Wiki tatu kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, tope lilishuka Chesongoch kule Elgeyo Marakwet nchini Kenya likaua zaidi ya watu 20, wengi wakiwa wamelala, na siku zile zile likaua wengine upande wa Uganda kwenye miteremko ya Elgon. Hilo tuliliongelea siku mbili tatu, tukatuma pole, tukanyamaza.

Na Jumatano, tarehe 3 Desemba 2025, ilitimia miaka 2 tangu tope lishuke kutoka mlima Hanang likaua watu mjini Katesh.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda. Kwa milima yetu mingi ya volkano, hatari iliyo karibu na mlango wa mtu sio moto, ni tope. Na mwaka 2023 serikali ilipotangaza kwamba Hanang haikulipuka ilisema kweli tupu, tatizo ni sisi tulivyosikia. Tulisikia kwamba mlima uko salama, tukapumua. Kumbe tulichoambiwa ni kwamba mlima wa volkano unaweza kuua watu wengi hivyo bila kulipuka hata kidogo, na hiyo ni habari nzito kuliko ya kulipuka, kwa sababu kulipuka kunaweza kusitokee tena kwa maelfu ya miaka lakini mvua inanyesha kila mwaka.

Kwa waliosahau, au waliokuwa mbali. Hanang uko mkoa wa Manyara, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake kwenye tambarare, kiasi kwamba ukitoka Singida kwenda Babati unauona kwa muda mrefu sana kabla hujaufikia. Kwa Wabarbaig ni mlima wa heshima tangu enzi za mababu. Kaskazini yake kuna ziwa Balangida lenye chumvi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na miguuni upande wa kusini ndio kuna mji wa Katesh, makao makuu ya wilaya, soko, stendi, maduka ya vifaa vya ujenzi, barabara kuu inapita katikati. Alfajiri ile ya Jumapili mvua kubwa ilikuwa imenyesha, sehemu za juu za mlima zikaachia, tope likafuata mto Jorodom na makorongo mengine likaingia mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, akakatisha ziara akarudi nyumbani.

Mimi nilipita Katesh wiki kadhaa baadaye. Barabara ilishasafishwa, magari yanapita, lakini kwenye ukuta wa duka moja karibu na soko kulikuwa na mstari wa kahawia, mnyoofu kama umepigwa kwa rula, unanifika begani. Chini ya ule mstari plasta yote ilikuwa imekwanguliwa mpaka tofali zinaonekana, juu yake rangi ya bluu ya zamani ipo vile vile na tangazo la vocha halijachanika hata kona. Nilisimama pale muda mrefu. Maji yakiingia dukani yanalowesha ukuta, hayakwangui plasta.

Sasa siku zile za mwanzo ndipo uvumi ulipoanza. Watu walisema mlima umelipuka, kwamba kulikuwa na muungurumo, kwamba ardhi ilitetemeka, kwamba lile tope lilikuwa zito na jeusi kama kitu kilichotoka tumboni mwa ardhi. Wataalamu wakapelekwa, wakaangalia, na msemaji wa serikali akaja na jibu kwamba hakuna mlipuko, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyofyonza maji ikazidiwa ikaporomoka, na tope likafuata njia ya mto. Jibu sahihi, fupi, na lililotolewa kwa haraka kwa kweli. Lakini ukisoma maoni ya watu baada ya pale unaona wazi kilichofuata, watu wakasema afadhali, basi ni mafuriko tu, ni kazi ya Mungu, yamepita. Lile neno la muhimu kuliko yote kwenye taarifa nzima, miamba dhaifu, likapotea. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlima mkubwa namna ile uwe na miamba dhaifu.

Jibu ni kwamba ni dhaifu kwa sababu ni volkano. Mlima kama Hanang haukujengwa kama jabali moja, ulijengwa kidogo kidogo kwa kujimwagia. Leo majivu, kesho mawe yaliyorushwa, keshokutwa lava inatiririka juu yake ikaganda, halafu majivu tena, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani ila sahani yenyewe imeinama. Majivu yakikaa miaka mingi yanashikamana yanakuwa mwamba, lakini mwamba wa aina gani? Nilipokuwa pale niliokota jiwe moja kwenye lundo la tope lililokauka, rangi ya kijivu inayoelekea njano, kubwa kama ngumi, nikaliminya kwa kidole gumba tu likamomonyoka kama kipande cha mkate wa jana, ndani lina unyevu bado na linateleza kama sabuni. Ule utelezi ni udongo wa mfinyanzi. Majivu ya volkano yakipigwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka yanaoza yanageuka mfinyanzi, na hii haihitaji volkano iwe hai, kinyume chake, volkano ikinyamaza ndio inaanza kuoza vizuri maana hakuna lava mpya ya kuifunika na kuikaza.

Ongeza na mpangilio wa zile chapati. Maji ya mvua yanapenya kwenye tabaka linalopitisha, yanafika kwenye tabaka lisilopitisha, yanakwama, yanaanza kujaa. Yakijaa yanasukuma kutoka ndani, yanaunyanyua ule udongo kidogo tu, kiasi cha kuondoa msuguano uliokuwa unaushikilia kwenye mteremko. Mteremko wenyewe ni mkali, mtu mzima anapanda kwa mikono na magoti baadhi ya sehemu. Kwa hiyo mlima unaachia sio kwa sababu umesukumwa na moto kutoka chini, unaachia kwa sababu umelowa kutoka juu. Halafu lile bonge likianza kushuka linachanganyika na maji ya korongo linakuwa kama zege, na naomba hapa msomaji asimame kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya zege inazidi kilo mbili. Zege linalotembea linabeba mawe makubwa kuliko gari kama vile yanaelea, linang'oa miti na kuibeba mbele yake kama rungu, na linakusanya kila kitu lilichokuta kwenye korongo, kwa hiyo linafika chini likiwa kubwa kuliko lilivyoanza juu. Muungurumo ule watu waliosikia ulikuwa wa kweli, mtetemo ulikuwa wa kweli, na wala hawakuwa waongo. Ni mawe yanagongana ndani ya korongo. Wamesikia sawasawa, wakapewa tafsiri isiyo sahihi, basi.

Na sio Hanang peke yake. Nicaragua kuna volkano inaitwa Casita. Oktoba 30, 1998, mvua za kimbunga Mitch zinamwagika siku baada ya siku, ubavu wa mlima ukaachia, tope likafuta vijiji viwili, El Porvenir na Rolando Rodríguez, wakafa watu wasiopungua 2,000. Casita haikulipuka siku ile, ilikuwa imelala zamani. Na vile vijiji vilijengwa juu ya tope la zamani lililoshuka kabla watu hawajahamia, ndio maana uwanda ulikuwa mzuri, tambarare, una rutuba. Karibu na kwetu kuna Elgon, volkano iliyonyamaza mamilioni ya miaka iliyopita, hakuna mwanasayansi anayeisubiri ilipuke. Machi 1, 2010 tope lilifunika kijiji cha Nametsi wilaya ya Bududa, zaidi ya watu 100 walikufa, na tangu hapo kila baada ya miaka michache tunasikia Bududa, Bukalasi, Bulambuli, majina yale yale. Kama kipimo cha hatari ya mlima ni kulipuka basi Elgon ungekuwa mlima salama kuliko yote Afrika Mashariki.

Sasa niwatendee haki wanaoogopa moto, maana sisemi hofu yao ni ya bure. Mtu wa Goma, kule Kongo, hahitaji mhadhara wangu. Volkano ya Nyiragongo ilitoa lava Januari 2002 ikapita katikati ya mji, ikarudia Mei 2021 usiku watu wakikimbilia Gisenyi na Sake na watoto mgongoni. Huko kuna ziwa la lava linachemka ndani ya kreta na mji mkubwa uko chini yake, kipaumbele lazima kiwe moto na gesi, na waliopo kwenye kituo cha kuchunguza volkano cha Goma wanastahili vifaa kuliko wanavyopewa. Ol Doinyo Lengai nayo iko hai, mwaka 2007 na 2008 ilirusha majivu wafugaji wakahama na mifugo. Hata Meru, wengi hawajui, ilitoa majivu mwaka 1910, ni juzi tu kwa umri wa mlima. Kwa hiyo kufuatilia mitetemo na gesi ni kazi ya lazima na inabidi igharamiwe. Ninachokataa ni kufanya moto kuwa ndio hatari pekee inayohesabika, kiasi kwamba mtaalamu akisema hakuna dalili ya mlipuko, kikao cha kijiji kinafungwa kwa makofi.

Kuna kundi la pili linasema chanzo ni mabadiliko ya tabianchi, mwisho wa habari. Hoja yao ina uzito. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto kuliko kawaida, vitu viwili vikikutana hivyo Afrika Mashariki inapata mvua za ajabu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitoa tahadhari mapema tangu Agosti, sio kwamba nchi ilikuwa haijui. Lakini mvua ile ile ilinyesha Singida, ilinyesha Babati, ilinyesha kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, na huko tope halikufukia soko. Mvua ni mkono uliovuta kamba, ila lazima kuwe na kitu kilichofungwa kwenye kamba. Na kuna ubaya mwingine wa hoja hii ikisimama peke yake, inatufanya tuinue macho tuangalie Dubai na mikutano mikubwa, halafu korongo lililo mita 50 nyuma ya nyumba hatuliangalii. Hewa ya ukaa ya dunia mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuipunguza. Kiwanja kilichopimwa mdomoni mwa korongo anaweza kukisimamisha leo hii.

Kundi la tatu ni la miti. Hili nalisikia kila mahali, watu wamekata miti ndio maana mlima umeporomoka. Najua nitaudhi baadhi ya watu wa mazingira ambao nawaheshimu sana, ila tuseme ukweli. Sehemu kubwa ya Hanang ni msitu wa hifadhi uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na maporomoko yale yalianzia juu mlimani, sio kwenye mashamba ya mahindi ya chini. Picha za satelaiti za baada ya tukio zinaonyesha makovu mengi, sio moja, marefu, yanaanzia juu kabisa kama mtu amekwaruza mlima kwa kucha. Mizizi ya mti inashika udongo wa juu, mita moja, mbili, ikizidi sana tatu. Pale udongo unapoachia chini ya hapo mti unashuka pamoja na mizizi yake, na ukifika mjini ndio huo uliobomoa ukuta. Hii haina maana tukate, jamani. Miti inapunguza mmomonyoko wa kila siku, inatunza vyanzo vya maji vinavyonywesha Katesh nzima, na ukanda wa miti kando ya mto unachuja mawe kiasi. Ila ukimwambia mwananchi panda miti mlima hautaporomoka unampa ahadi ambayo mlima haujaisaini, na siku ukiporomoka atakuwa amelala usingizi wa amani.

Kuna hawa wanaosema wahame tu, nani aliwaambia wakae mabondeni. Kauli hii naisikia sana Dar es Salaam. Anayeisema ajiulize kwanza mji wa Katesh ulikujaje pale. Watu hukaa miguuni mwa volkano kwa sababu za akili kabisa, udongo wa majivu una rutuba, mlima unakamata mawingu kwa hiyo kuna maji hata nchi ikikauka, na pale korongo linapotoka mlimani kuna ardhi tambarare iliyotandazwa vizuri kama mkeka. Mkeka wenyewe ndio shida. Ardhi ile imetandazwa na tope na mafuriko ya zamani, moja juu ya lingine, kabla ya Katesh kuitwa Katesh. Mtu anachimba msingi anakutana na mawe ya mviringo makubwa yaliyochanganyika na udongo bila mpangilio, anashukuru amepata mawe ya bure ya kujengea. Yale mawe ndiyo yalipaswa kumwambia kitu. Kuna mzee mmoja pale aliniambia, kijana wangu, mawe haya babu zetu walikuta yako hapa, sisi tulidhani Mungu ameyapanda. Sasa ukimwambia mtu kama huyu ahame, uje na kiwanja, nyumba, maji, shule na shamba. Na imewezekana, Waret zimejengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waathirika, hilo serikali na Msalaba Mwekundu wapewe sifa yao bila kubania. Ila huwezi kuhamisha wilaya nzima. Uganda walijaribu kuwahamisha watu wa Bududa kwenda Kiryandongo, mbali, ardhi tofauti, hali ya hewa tofauti, na baadhi wakarudi mlimani kwao. Kuhama ni dawa kwa wale walio kwenye mkondo kabisa, sio kwa kila anayeuona mlima akifungua dirisha.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayonitia hofu zaidi, ni ile inayosema mlima umeshamwaga. Nimeisikia kwa madereva, nimeisikia kwa mafundi waliokuwa wanajenga upya palepale mstari ulipofika. Kwamba kilichokuwa kibovu kimeshuka, kilichobaki ni kigumu, hautarudia mpaka vizazi vingine. Inasikika kama ina mantiki mpaka uifikirie vizuri. Poromoko halishushi kila kitu mpaka chini. Udongo mwingi na mawe yanabaki njiani, yamelala ndani ya makorongo yakisubiri maji, na safari hii hayahitaji hata mwamba uvunjike, yameshavunjika tayari, yanahitaji mvua ya kuyaokota tu. Makovu ya juu nayo ni majeraha mabichi, hayana majani wala udongo wa juu, kingo zake zimesimama wima na zinadondoka kila msimu, maji yanaingia moja kwa moja kwenye nyufa. Mto nao umepoteza kitanda chake, umejaa mchanga, kwa hiyo mafuriko ambayo zamani yangepita ndani ya kingo sasa yanatoka nje. Ufilipino, baada ya Pinatubo kulipuka mwaka 1991, matope yaliendelea kushuka msimu baada ya msimu kwa miaka mingi, yakafukia miji iliyonusurika mlipuko wenyewe. Ule ulikuwa mlima mkubwa zaidi na majivu mengi zaidi, sawa, lakini kanuni haibadiliki, miaka inayofuata poromoko ni ya kuangaliwa zaidi, sio ya kupumzika. Bududa, Bukalasi, Bulambuli zote ziko kwenye mlima mmoja. Elgon umemwaga mara ngapi sasa?

Tukikubaliana kwamba adui ni tope, vitu vingi vinabadilika. Kwanza mipaka ya hatari. Ya mlipuko unachora kwa duara kuzunguka kreta, kilomita kadhaa kila upande, ya tope inafuata korongo kama mishipa ya mkono. Nyumba mbili zilizo umbali sawa kutoka mlimani, moja inaweza kuwa salama miaka 100 na nyingine iko kwenye koo la mto, na tofauti yao ni hatua 60. Ramani ya namna hiyo haiwezi kuchorwa Dodoma kwa kuangalia mlima kwa ujumla. GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, wana wataalamu wa miamba, wanajua kusoma tope la zamani kwenye kuta za makorongo, wakishirikiana na vijana wa vijiji wanaojua kila mkondo kwa jina, ramani ya korongo kwa korongo inawezekana. Na ikishachorwa isikae kwenye kabati, ibandikwe ofisi ya kata na kwa afisa ardhi, mtu akija kuomba kibali cha kujenga aoneshwe mstari.

Halafu tahadhari. Utabiri wa TMA ni mzuri lakini unazungumza na mkoa mzima, unasema Manyara mvua za juu ya wastani, hauwezi kumwambia mama aliyeko Jorodom kwamba usiku huu saa tisa aamshe watoto. Tope la namna hii kutoka kuachia mpaka kufika mjini ni dakika, sio masaa. Kwa hiyo anayepaswa kupiga kengele ni mlima wenyewe, na njia ya kuusikiliza ni kujua mvua iliyonyesha juu, sio iliyonyesha stendi. Japani, nchi ya volkano na mvua, wanahesabu mvua ya saa hadi saa wakijumlisha na ile iliyokwisha kulowesha udongo siku za nyuma, ikifika kiwango fulani watu wanaondoka bila kusubiri kuona chochote, na kwenye makorongo mabaya wamejenga kuta za kunasa mawe. Sisi kuta zile ni ghali, najua. Kipimo cha mvua sio ghali. Vipimo vitatu vinne kwenye miteremko ya juu, mtu wa kusoma, simu, na spika ya msikiti na kengele ya kanisa ambazo Katesh zipo tayari na zinasikika mji mzima. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataja kamati mpaka ngazi ya chini kabisa huku kwetu vijijini, kwa hiyo watu wa kupewa kazi hii kisheria wapo, swali ni kama wameshawahi hata kufanya zoezi moja la usiku.

Kuna dalili ambazo kila mtoto wa shule ya msingi chini ya mlima angepaswa kuzijua kama anavyojua kuvuka barabara. Mto ukiwa umejaa halafu ghafla ukapungua wakati mvua bado inanyesha, usishangilie, huko juu umezibwa na udongo na ukiachia utakuja wote kwa pamoja. Maji yakibadilika ghafla yakawa mazito na yanabeba miti mibichi yenye majani, kuna ubavu wa mlima umeanza kwenda. Ukisikia muungurumo kama treni usikimbie kufuata mto kuelekea chini, tope linakushinda mbio, kimbia pembeni, panda ukingo, hata mita kumi za kupanda zinaweza kukutosha. Barabara nayo inaweza kuwa njia ya tope.

Na hili linakwenda mbali kuliko Manyara. Arusha imekaa chini ya Meru, mlima ambao chini ya miaka 10,000 iliyopita ubavu wake wote wa mashariki ulianguka, ile shimo kubwa unaloliona ukiwa Momella ndipo ulipotoka, na vile vilima vidogo vidogo pamoja na maziwa ya Momella ni mabaki yake yaliyotawanyika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Siwatishi watu wa Arusha kwamba litaanguka tena kesho, anguko la ukubwa ule ni la nadra mno. Nasema kwamba mlima huo huo una makorongo yanayoshuka katikati ya makazi, yanajengwa mwaka hadi mwaka, na sijaona mtu akiyajadili kama anavyojadili kreta. Tukuyu nayo imekaa chini ya Rungwe, inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, udongo wa majivu mwekundu mnene, migomba mpaka kwenye ncha za miteremko. Rombo na Marangu nazo zimekaa chini ya Kilimanjaro. Hizi zote ukiuliza kuhusu volkano utajibiwa imelala, usiwe na wasiwasi.

Yule mzee wa Katesh niliyemtaja, kabla sijaondoka nilimuuliza sasa usiku mvua ikinyesha anafanyaje. Akasema halali kitandani, anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma, redio ameizima, anausikiliza mto. Nikamuuliza ukisikia umebadilika utawaambiaje wengine. Akasema ana filimbi ya mjukuu wake, ya michezo ya shule, ameifunga kwenye kitasa. Ana zaidi ya miaka 70, na kwa mtaa ule wote ndio kituo cha tahadhari kilichopo. Masika yanaanza Machi, na mimi ningependa kusikia kutoka halmashauri nani atampokea zamu.